Imani Ile ya Mama

Olumbi, 9 Aprili 2013

Mdogo wangu Anselmo,

Sisi tupo. Sitaandika kwamba tu wazima, maana baba si mzima na mimi nimechoka, na wewe hupendi uongo tangu ulipookoka. Barua hii anakuletea Mshamu, yule Mtanzania anayeuza vitenge na sabuni kutoka huko Mtwara mpaka huku kwetu, ng'ambo ya Ruvuma. Ningepiga simu, lakini mtandao wa huku mpaka upande juu ya kichuguu nyuma ya shule, na maneno yenyewe si ya kupigia kelele juu ya kichuguu.

Miaka kumi na miwili hujakanyaga hapa. Najua baba alikufukuza, tena kwenye matanga ya mama, watu wakisikia, kwa sababu uliacha Ukatoliki. Sikulaumu. Nakueleza tu hali ilivyo ili usije ukasema hukuambiwa. Mwaka wa saba huu amelala. Upande wa kulia umekufa, ulimi umebaki mzima, na ulimi wake unaujua. Namgeuza, namwosha, namlisha. Uji ukiwa wa moto nasemwa, ukipoa nasemwa. Mtu aliyekuwa nyapara wa shamba la mkonge haachi unyapara kwa kulala kitandani.

Sasa kuna jambo. Tangu gesi ionekane baharini upande wa Palma, barabara yetu haipumziki. Magari ya projeto ya gesi yanapita kutwa, na mwezi uliopita walikuja wapimaji wa barabara na kopo la rangi. Kila kilicho karibu na njia wamekipiga alama nyekundu ya kubomolewa: kibanda cha Awa cha maandazi, mkorosho wa shefe wa kijiji, na kapela ya baba, kikanisa chake. Kapela unaikumbuka. Aliijenga kwa mikono yake baada ya vita, tofali moja moja, akanunua na kengele, akasema hii ndiyo nitakayomwonyesha Mungu. Na sisi wote tulijua hakuwa na kingine cha kumwonyesha.

Nilipomwambia imepigwa alama, hakufoka. Ningeshukuru angefoka. Aliniuliza, "Sasa nitaonyesha nini?" Tangu siku hiyo ndilo swali lake, akiamka, akila, nikimgeuza. Anaogopa, Anselmo. Sijawahi kumwona baba akiogopa, na sijui namna ya kumtuliza. Padri hutoka Mocímboa mara moja kwa miezi mitatu, na sisi Wakristo hapa ni nyumba nne tu. Jana ndipo akasema, "Mwandikie Anselmo. Yeye amesomea hayo." Nikadhani nimesikia vibaya.

Andika kitu nimsomee, kifupi, apate kulala. Usituletee mahubiri ya nusu siku.

Dada yako,
Felizarda


Mtwara, 1 Mei 2013

Dada mpendwa Felizarda,

Neema na amani ziwe nanyi. Nilipouona mwandiko wako kwenye bahasha nilijua ni msiba, nikaificha bahasha mfukoni siku nzima kabla ya kuifungua. Kumbe si msiba. Fungu lile la baba kutamka jina langu nimelisoma mara nne, na mke wangu nimemsomea pia.

Ningekuja mwenyewe, lakini kazi ya kanisa ni nyingi kipindi hiki. Tuna semina ya vijana, mchungaji kiongozi amesafiri, na kila kitu kimeniangukia mimi. Mungu akipenda nitapata nafasi.

Kuhusu kapela, usinichukie nikisema kwamba huenda ni rehema. Baba ameyaegemea matofali yale miaka ishirini. Mungu anapomwondolea mtu mkongojo, si lazima awe anataka aanguke. Msomee haya, taratibu, kama nilivyoandika:

Baba, shikamoo. Ni mimi Anselmo. Umeuliza utaonyesha nini. Huna haja ya kuonyesha kitu. Kapela haiokoi mtu. Sadaka haziokoi, wala mifungo, wala kengele uliyoinunua. Kinachotakiwa ni imani, na imani peke yake. Mwenye imani ameokoka hata kama hakuweka tofali juu ya tofali. Asiye na imani, hata ajenge makanisa mia, amepotea. Jitazame moyoni, baba. Ukiikuta imani humo, lala usingizi.

Na wewe dada, uyasome haya kwa ajili yako pia. Naona unajichosha kama mtu anayefikiri atakuja kupimwa kwa kazi zake. Hakuna mizani huko mbele. Pumzika.

Mdogo wako katika Bwana,
Anselmo


Olumbi, 26 Mei 2013

Anselmo,

Barua yako nimemsomea baba, taratibu, kama ulivyoagiza. Tangu hapo amegeukia ukutani. Yaani mimi ndiye niliyemgeuza, kwa kuwa mwenyewe hawezi, lakini aliomba ageuzwe huko na hataki kurudishwa. Leo ni siku ya tatu. Uji anakunywa vijiko viwili, basi.

Nilipomaliza kusoma akasema, "Soma tena hapo kwenye imani." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Akasema, "Basi nimekwisha. Imani mimi sina. Sijawahi kuwa nayo." Nikamwambia, baba, wewe mtu wa kanisa, umejenga kapela, imani unaikosaje? Akaniambia nikamuulize mama yangu.

Mama yuko kaburini miaka kumi na miwili. Nilitoka nje nikakaa juu ya kinu, na hapo ndipo nilipoelewa. Unakumbuka mama alivyokuwa akisema? Alizaliwa hapa pwani, binti wa Kiislamu, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa. Baba akimchapa mbuzi aliyekwisha kufungwa: "Mzee, huna imani." Akimnyima maji mpita njia: "Huna imani wewe." Kwa mama imani ilikuwa huruma, na ndivyo tunavyosema wote huku, mtu mwenye imani ni yule anayemwonea mwenzake uchungu. Miaka arobaini baba aliambiwa hana imani na mwanamke aliyemjua kuliko padri. Sasa mwanawe mchungaji anaandika kutoka Mtwara kwamba asiye na imani amepotea, hata ajenge makanisa mia. Ungetafuta la kumuumiza usingepata zaidi ya hilo.

Nimejaribu kumweleza. Nimesema, baba, Anselmo anasema imani ya kumwamini Mungu, si ile ya huruma. Akaniuliza mimi nimesomea dini wapi. Anselmo ndiye aliyesoma, na Anselmo kaandika hivyo. Kwa hiyo maneno yangu hayafai. Andika tena wewe, kwa mkono wako, umweleze. Mshamu anavuka mto kesho, mpe jibu akirudi, usimwache aondoke mikono mitupu.

Na lile la mimi kujichosha kwa kutaka kupimwa: njoo umgeuze wewe siku mbili, halafu tuzungumze habari ya mizani. Shuka zinafuliwa hata za aliyeokoka.

Felizarda


Mtwara, 14 Juni 2013

Dada,

Nisamehe. Neno hilo la imani nalihubiri mwaka wa kumi na moja sasa, na mama alikuwa akilisema jikoni nikiwa sijajua kutembea, na sikulikumbuka. Nilipopata barua yako nilimwuliza jirani yetu bibi Kuluthumu, imani ni nini. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa. "Ni kumwonea mtu huruma, mchungaji. Hilo nalo la kuuliza?" Nimekuwa nikijiuliza watu wa mtaa huu wamesikia nini miaka yote nikipiga kelele kwenye kipaza sauti.

Lakini neno likieleweka vibaya, ukweli wake haubadiliki, na ukweli huo ndio unaoweza kumpa baba usingizi. Msomee haya leo leo, kabla hujafanya jambo jingine:

Baba, shikamoo. Nilikosea kuandika. Imani niliyoisema siyo ile aliyokuwa akiitaja mama. Siyo huruma. Ni kumtegemea Mungu tu, kama unavyolala sasa hivi na kitanda kinakubeba bila wewe kushika popote. Hutakiwi kuwa mwema kwanza. Hutakiwi kufanya jambo lolote, wala kumfanyia mtu yeyote lolote. Yote yalikwisha kufanywa na Yesu. Sema tu, nakutegemea, na yamekwisha. Mimi mwanao nakuhakikishia. Pumzika, baba.

Na jambo moja lako wewe, dada. Nilikuandikia kwamba kazi ya kanisa ni nyingi. Semina ilikwisha tangu Aprili. Ukweli ni kwamba namwogopa baba. Nina miaka arobaini na mitano, nasimama mbele ya watu mia mbili kila Jumapili, na namwogopa mzee asiyeweza kujigeuza. Ulipoandika kwamba amenitaja, niliogopa zaidi.

Mdogo wako,
Anselmo


Mtwara, 11 Agosti 2013

Dada Felizarda,

Bwana asifiwe. Mshamu amerudi jana. Barua yako hakuleta, anasema ulimwambia mkono umekushinda, lakini ameleta neno la baba, nalo linanitosha mwaka mzima.

Anasema aliingia kumsalimia, baba akamwita karibu na kitanda, akamwambia, "Mwambie Anselmo, ile imani nimepata kidogo. Sijui kama inatosha." Nilimwambia Mshamu arudie. Akarudia. Nilimwambia arudie kwa sauti ile ile ya baba, akacheka, akajaribu, nami nikalia pale sokoni mbele ya vitenge vyake mpaka wateja wakapita mbali.

Leo nimewaeleza waumini. Nimesema, baba yangu aliyenifukuza nyumbani kwa ajili ya injili, ameipokea akiwa na miaka themanini na moja, kitandani, bila kuweza kuinua hata kijiko. Waliimba kwa muda mrefu na mimi sikuwazuia.

Mwambie inatosha. Tafadhali mwambie kwa maneno hayo hayo, kidogo inatosha. Na asante kwa kumsomea barua yangu ya Juni. Najua ulikuwa umenikasirikia, na ulikuwa na haki, lakini ulimsomea. Sasa sioni tena cha kuogopa. Nitakuja Desemba, mimi na mke wangu, baba atuone.

Mdogo wako mwenye furaha,
Anselmo


Olumbi, 8 Septemba 2013

Mdogo wangu Anselmo,

Baba alifariki tarehe 19 Agosti, Jumatatu, baada ya chai. Nilipanda kichuguu mara mbili kukupigia na simu yako haikupatikana. Mara ya tatu sikupanda, nikaona heri niandike, maana kuna la kukwambia ambalo kwenye simu ningelikatisha. Barua yako ya kwamba inatosha ilifika siku ya tano baada ya mazishi.

Ile barua ya Juni sikumsomea.

Ilifika tarehe mbili Julai. Niliifungua jikoni, nikaisoma, nikaikunja, nikaitia chini ya debe la mchele. Sasa nakueleza kwa nini, na usinikatize.

Siku ya nne ya kugeukia ukuta, wewe hata barua yangu ilikuwa haijakufikia, baba aliniuliza, "Felizarda, hiyo imani, mtu wa umri wangu anaweza kuipata bado?" Nilikuwa na ndoo mkononi. Nikamjibu nikiwa nimesimama hivyo hivyo, "Sijui, baba. Jaribu." Nilikuwa nimechoka tu, sikuwa namfundisha mtu dini.

Akajaribu. Mtu asiyeweza kunyanyuka, mwenye mdomo na mkono mmoja, akajaribu. Kesho yake nilimpelekea uji, akafungua mdomo kunifokea, nikauona kabisa unavyofunguka, akaufunga. Halafu akaniuliza kama nimekula. Niligeuka kutazama nani ameingia. Siku nyingine akaomba ungo, akawa ananimenyea karanga kwa mkono wa kushoto, asubuhi nzima, hazikujaa kiganja, na nusu zimevunjika. Siku nyingine akaniambia pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akasema, ya miaka saba. Nikatoka kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Halafu akaniagiza nimwite mzee Assane, yule wa nyuma ya msikiti. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kuambiwa. Assane alikuwa kibarua chini ya baba kule kwenye mkonge. Mkewe alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza, Assane akaomba ruhusa aende, baba akamwambia amalize kwanza kazi ya siku. Alipofika nyumbani jioni mke amekufa, na mtoto amekufa. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameolewa. Siku hiyo ndiyo aliyoanza kusema lile neno lake, na mimi maisha yangu yote nilidhani ni kwa ajili ya mbuzi.

Baba alimwambia, "Assane, siku ile nilikuwa na uwezo wa kukuachia."

Assane akasema, "Najua ulikuwa nao."

Mimi niko mlangoni, sijui nikae au niondoke. Baadaye Assane akainuka, akasema atakuja tena Alhamisi. Akaja. Na Alhamisi iliyofuata akaja. Hakuwahi kutamka kwamba amemsamehe, alikuwa anakuja tu na kukaa kwenye jamvi. Siku moja alimshika mkono, akashika ule uliokufa, na baba hakumwambia kwamba hausikii.

Ndipo barua yako ikaja, inasema hatakiwi kumfanyia mtu yeyote lolote. Nimeisoma mara nyingi. Ni barua nzuri, Anselmo. Ningekuwa mimi nimelala pale ningetaka kusomewa. Lakini baba tunamjua, ni mtu wa kazi ya siku. Ukimwambia kazi imekwisha, anaweka jembe chini. Nikaiona kichwani asubuhi itakayofuata, nimeshika uji, naye haniulizi kitu. Ningeweza kukwambia kwamba niliificha kwa ajili ya mzee Assane, na ungeniamini. Niliificha kwa ajili yangu. Nina miaka hamsini na mitatu na baba hakuwahi kuniuliza kama nimekula. Nilipata wiki kumi na mbili za kuulizwa, sikuweza kuzitoa.

Kwa hiyo maneno aliyompa Mshamu yalikuwa ya imani ile ya mama, si ile yako. Waumini wako waliimba kwa jambo jingine. Na aliogopa mpaka mwisho, ujue. Jumapili ile ya mwisho aliniuliza kama naona inatosha, nikamwambia naona inatosha, naye akasema mimi sijasoma. Karatasi ya kumwondolea hofu ilikuwa chini ya mchele, hatua sita kutoka kitandani kwake.

Kapela bado imesimama. Wapimaji hawajarudi na rangi yao imeanza kupauka. Baba hakuiulizia tena. Tumemzika nyuma yake. Waliobeba jeneza karibu wote walikuwa Waislamu, na Assane alikataa kupokewa njia nzima, mzee wa watu.

Sasa nijibu, wewe uliyesoma. Nimempotezea baba wokovu wake? Usinibembeleze. Nimebembelezwa wiki kumi na mbili, zinanitosha.

Dada yako,
Felizarda


Mtwara, 29 Septemba 2013

Dada Felizarda,

Pole kwa kumzika baba peke yako. Nimekaa na barua yako wiki nzima. Umesema nisikubembeleze, na sitakubembeleza.

Kwa mafundisho niliyofunzwa na ninayofundisha, baba alikufa akitegemea kitu kisichookoa, na wewe ulikuwa na neno la kumwokoa ukalifungia. Hilo ndilo jibu. Nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelichana. Hii ni mara ya tatu, naliacha hapo ulione, kwa sababu uliniomba ukweli na huo ndio ninaoujua.

Lakini kuna mambo mengine ninayoyajua pia. Imani ile ya kwenye barua zangu ninayo tangu mwaka aliokufa mama. Naishika mpaka sasa. Na miaka yote hiyo haikuwahi kunivusha Ruvuma nije nikupokee ndoo. Baba ile nyingine alikuwa nayo wiki kumi na mbili, tena kidogo, na ikamfikisha mbele ya Assane, mahali ambapo mimi nisingethubutu kukaa. Kama ni kuogopa, naona zamu ni yangu.

Waumini bado wananipa mkono kwa ajili ya baba. Wanasema, mzee alipata imani. Nawajibu, ndiyo, alipata. Sioni kama nimesema uongo, na hilo linaninyima usingizi.

Mshamu anatangulia kesho na barua hii, mimi nafuata Ijumaa hii. Nimewaambia kanisani sijui nitarudi lini. Ile barua ya Juni usiichome. Niwekee hapo hapo ilipo. Nataka nikae kwenye kigoda chako, pale ulipokuwa ukikaa ukimlisha, niifungue, nione kama mimi ningeweza kumsomea.

Mdogo wako,
Anselmo